Udongo, Ukoo na Mvinyo

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kutimiza miaka kumi)



Habari za miaka kumi ya Chama chetu zimekwisha elezwa na waliotutangulia kusema, na hesabu zake zimepigwa chapa katika kitabu hiki, kila mtu ajisomee. Sisi hatutazirudia. Tumepewa kazi nyingine, nayo ni kueleza jinsi zabibu za shamba moja zinavyotoa mvinyo ulio mbali na mvinyo wa shamba la jirani, na jinsi ukoo mmoja wa wakulima huko ng'ambo ulivyoishi kwa kuitunza tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini. Twaisema habari hii leo kwa sababu alasiri Mkutano utaulizwa swali zito: Je, sisi wakulima wa zabibu wa Dodoma tuendelee kumimina zabibu za kila aina ya udongo katika lori moja, au kila udongo uwe na kreti zake, na mizani yake, na ukurasa wake daftarini?

Twajua wamo humu wanachama ambao dini yao yawakataza kuonja mvinyo, nao ni miongoni mwa wakulima wetu hodari kabisa. Wasiondoke vitini. Mlima pamba si lazima awe mfumaji, lakini yampasa ajue mfumaji atafuta uzi wa namna gani, ama sivyo atauza kwa bei ya kutupa.

Mji tutakaousimulia waitwa Haro. Uko kaskazini ya nchi ya Hispania, katika jimbo la Rioja, ukingoni mwa mto Ebro. Upande wa kaskazini kuna milima iitwayo Sierra Cantabria, nayo huzuia pepo za baridi na mvua zitokazo baharini, hata bonde likapata jua la kutosha kuivisha zabibu. Mvinyo ulikuwa ukitengenezwa huko tangu zamani sana, lakini ulikuwa mvinyo wa kunywewa karibu, mwaka kwa mwaka, kama pombe ya mtama inavyonywewa kwetu kabla haijaharibika.

Mambo yakageuka kwa sababu ya mdudu mdogo. Katika miaka ya 1860 alionekana Ulaya mdudu aitwaye filoksera, aliyeletwa bila kukusudiwa pamoja na miche kutoka Amerika. Kazi yake ni kushambulia mizizi ya mzabibu chini ya ardhi, wala mkulima haoni kitu mpaka majani yanapogeuka manjano. Ufaransa ikapoteza mashamba makubwa mno. Wafanyabiashara wa Bordeaux, walipokosa mvinyo kwao, wakavuka mpaka kuutafuta Rioja. Bahati ya Haro ilikuwa kwamba reli ilikwisha fika hapo katika miaka hiyo hiyo ya 1860, basi nyumba za mvinyo zikajengwa zikiizunguka stesheni, na mpaka leo mtaa ule waitwa Mtaa wa Stesheni.

Katika watu waliojifunza kazi kwa Wafaransa hao alikuwamo Rafael López de Heredia. Mwaka 1877 alianza kujenga nyumba yake ya mvinyo. Wageni baadaye walirudi kwao, naye akabaki. Tena filoksera mwenyewe akafika Rioja karibu na mwaka 1900, na mizabibu ya huko nayo ikafa. Dawa iliyopatikana ni kuchukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake humvumilia mdudu huyo, na kubebesha juu yake kijiti cha mzabibu wa kienyeji. Kazi ya kupanda upya ilikuwa nzito na ya gharama. Lakini mtu anayepanda upya ana nafasi ya kuchagua, na mzee Rafael alitumia nafasi hiyo vizuri kuliko wengi.

Alichagua mahali mto Ebro ulipojikunja kama mkono ulioshika beseni. Ndani ya mkunjo huo akapanda, katika miaka ya 1913 na 1914, shamba aliloliita Tondonia, nalo ni yapata hekta mia moja. Udongo wake ni mfinyanzi ulioletwa na mto, uliochanganyika na changarawe na chokaa nyingi. Mfinyanzi hushika maji ya kuutunza mzabibu siku za jua kali. Changarawe na chokaa huyaachia yaliyozidi yapite. Kwa hiyo mzabibu haufi kwa kiu, wala haulewi maji. Hutoa vishada vya kadiri, punje zake ndogo, ganda lake nene. Na ladha na rangi ya mvinyo mwekundu hutoka katika ganda, si katika maji.

Ukoo huo una mashamba mengine matatu, yote hayako mbali na mji. Moja liko chini ya milima, hekta kama 15, latazama kusini kwenye jua. Mvinyo wake huitwa Bosconia. Jingine hutoa mvinyo uitwao Cubillo. La nne ni Zaconia, ambalo udongo wake ni mwembamba na umejaa chokaa, nalo likapandwa zabibu nyeupe za aina ya Viura, kwa kuwa waliona nyeupe ndizo zinazopapenda mahali pale. Wajumbe waliangalie jambo hilo. Mashamba manne, mwenyewe mmoja, nyumba ya kukamulia moja. Ingekuwa rahisi kabisa kumimina zabibu zote pamoja na kuandika jina moja juu ya chupa. Nao hawakufanya hivyo. Kila shamba lilipewa jina lake, na jina hilo likaandikwa juu ya chupa, likawa ahadi kwa mnunuzi: ukiona Tondonia, ujue ni udongo ule wa mkunjo wa mto.

Tuingie sasa ndani ya nyumba yao, maana huko kuna mambo ya kustaajabisha. Zabibu huchachukia katika matangi makubwa ya mbao, kwa hamira ile ile inayoishi katika maganda ya zabibu na katika nyumba yenyewe, pasipo kununua hamira ya paketi. Kisha mvinyo hutiwa katika mapipa ya mwaloni wa Marekani. Wana mafundi wao wa mapipa, wanaoyaunda na kuyatengeneza pale pale nyumbani. Mapipa hayo hulazwa katika mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba, ambamo baridi yake haibadiliki sana, iwe masika au kiangazi. Mara kwa mara mvinyo huhamishwa kwa mkono kutoka pipa hadi pipa ili mashapo yabaki nyuma, na kabla ya kutiwa chupani husafishwa kwa ute mweupe wa mayai ya kuku, ambao hushuka polepole na kuchukua uchafu wote. Na kuhusu buibui, mgeni aingiaye huona utando umetanda juu ya chupa na kuta kama nyumba iliyohamwa. Hawaufagii! Buibui hula wadudu ambao wangetoboa vizibo, basi wameachiwa makazi yao kama vibarua wasiodai mshahara.

Mvinyo wa Cubillo hulala ndani ya pipa kwa muda wa miaka mitatu hivi. Bosconia hulala mitano. Tondonia hulala sita, na katika miaka ile michache ambayo zabibu zilikuwa nzuri mno, hutengwa sehemu ya kulala miaka kumi. Ndugu Wanachama, tupime urefu wa muda huo. Pipa lililojazwa mwaka ule Chama chetu kilipoandikishwa kwa Mrajis lingekuwa linafunguliwa siku hizi tunapokaa hapa kusherehekea.

Ukoo huo haukupita katika raha siku zote. Katika miaka ya 1970 na 1980 mapendeleo ya wanunuzi yaligeuka. Wengi walitaka mvinyo mchanga, wenye rangi nzito na ladha ya tunda bichi. Nyumba nyingi za Rioja zikanunua matangi ya chuma, zikafupisha muda wa pipa. Hatusemi zilifanya vibaya, maana baadhi yake zilifanikiwa sana. Ukoo wa López de Heredia ulibaki na desturi yake, ukaonekana umepitwa na wakati. Leo kizazi cha nne, wakiwamo María José na ndugu zake, wanaendesha nyumba ile ile, na mvinyo wao hutafutwa katika nchi nyingi kwa sababu ile ile iliyowafanya wachekwe zamani.

Sasa turudi kwetu, na tuseme kwanza yale ambayo hatuwezi kuyaiga, tusije tukadanganyana. Hatuwezi kulaza mvinyo miaka kumi. Fedha iliyo ndani ya pipa ni fedha iliyofungwa, na mwanachama wetu anayevuna mwezi wa Machi anahitaji malipo yake mwezi wa Machi, kwa sababu ana ada ya shule, ana deni la dawa za ukungu, ana mboji na samadi za kulipia. Mwaloni hatunao, na hewa ya huku ni joto. Tena mzabibu wenyewe si mti wa wazee wetu. Wamisionari Wakatoliki waliupanda hapo Bihawana katika miaka ya 1950, na wako wazee waliokaa mbele yetu ambao walikuwa hai kabla kishada cha kwanza hakijaonekana katika nchi ya Wagogo. Mtu akituambia tuige desturi za mvinyo za karne nzima, atakuwa anatudai kitu tusichorithi.

Walakini desturi ya kuujua udongo tunayo, tena ni ya kale kuliko mzabibu. Wazee wetu hawakupanda uwele na mtama ovyo. Walijua mahali pa mchanga mwekundu panapopokea mvua ya kwanza na kuota upesi. Walijua mbuga ya udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Walijua penye chumvi, wakapaachia ng'ombe. Mama akichagua mashuke ya mbegu, alichagua ya shamba lile lililomtendea vyema, akayatundika juu ya moshi wa jiko, wala hakuyachanganya na nafaka ya kula. Elimu hiyo ndiyo aliyoitumia mzee Rafael kwenye mkunjo wa mto. Tofauti ni kwamba yeye aliiandika juu ya chupa, nasi tukifika mizanini twaiacha nje.

Tazameni tulivyo. Mwanachama wa Mpunguzi, mwenye mchanga mwekundu kwenye mwinuko, amepogoa kwa wakati, amepunguza vishada, hakumwagilia maji siku za mwisho, zabibu zake ni ndogo na tamu. Mwenzake aliye chini karibu na mbuga ana mizabibu iliyonawiri, vishada vikubwa vya kupendeza macho, vizito kwenye mizani, lakini sukari yake ni kidogo. Wote wawili wamepanda ile zabibu nyekundu ya Makutupora. Wote wawili humimina katika lori moja. Lori lifikapo kiwandani, mnunuzi huchota zabibu kutoka huku na huku, huzikamua, hutazama kipimo cha sukari, na lori zima hupata bei ya kipimo hicho kimoja. Msimu mmoja tulishuhudia mnunuzi, ambaye hatutamtaja, akikataa robo tatu ya bei kwa ajili ya kreti zilizowekwa juu kabisa. Zile nzuri zilikuwa chini, na hakuna aliyezifikia.

Basi mkulima wa aina ya kwanza hujifunza nini? Hujifunza kwamba uzito ndio unaolipwa. Mwaka unaofuata naye hufungulia maji wiki ya mwisho ili punje zivimbe. Twamlaumu, lakini hesabu yake ni sahihi kabisa kwa jinsi tunavyompimia. Huko Rioja wameliona jambo hili mapema. Jina la Rioja lilipewa ulinzi wa sheria mwaka 1925, na kwa kanuni zao za kawaida mkulima wa zabibu nyekundu hana ruhusa ya kuzidisha kilo 6,500 katika hekta moja, yaani kama kilo 2,600 kwa ekari. Sheria inayomkataza mkulima asivune sana! Twadhani wengine wenu mtalicheka jambo hilo njiani mpaka nyumbani. Lakini maana yake ni kwamba jina la mahali ni mali ya wote, na anayejaza maji katika zabibu zake hulipunguzia jirani yake thamani.

Tuna na jambo letu wenyewe ambalo watu wa Haro hawalijui. Wao huvuna mara moja kwa mwaka. Sisi, kwa jua letu na kwa kupogoa mara mbili, twavuna mara mbili: mara ya kwanza mvua zikiwapo bado, Februari na Machi, na mara ya pili wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba. Mavuno ya mvua hupata ukungu na maji mengi; mavuno ya kiangazi huwa matamu na safi. Kwa hiyo shamba moja la kwetu ni kama mashamba mawili. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na kurasa mbalimbali daftarini, na kwa maoni yetu huenda ikawa sababu kubwa kuliko ile ya udongo, ijapokuwa wajumbe wengi wameizungumza ya udongo tu.

Shauri lenyewe, kama Halmashauri ilivyoliandika, ni jepesi kulieleza. Kreti za mwinuko zitakuwa na alama nyekundu, na za bondeni alama nyeusi. Karani wa mizani atapima sukari pale pale kwenye chama cha msingi, mbele ya mwenye zabibu, na kuandika kipimo kwenye stakabadhi pamoja na uzito. Malipo ya kwanza yatakuwa sawa kwa wote, kama sasa. Malipo ya pili yatafuata kipimo. Kiwanda kikitaka kutengeneza mchuzi wa zabibu za mwinuko peke yake na kuuweka chupani kwa jina la kijiji, tutakuwa tayari na daftari la kuonyesha zabibu zilikotoka. Pasipo daftari hakuna atakayetuamini.

Wako wasemao jambo hili litatugawa, na kwamba ushirika ulianzishwa ili wote wawe sawa. Tumelisikia neno hili Hombolo, tumelisikia Mvumi, na waliolisema si watu wa fitina. Wana haki ya kuogopa. Mwenye shamba karibu na mbuga hakuchagua udongo wake kama mzee Rafael. Alirithi, au aligawiwa na kijiji. Jibu letu ni mambo mawili. Kwanza, Cubillo si mvinyo wa aibu. Hulala muda mfupi, huuzwa kwa bei nafuu, na ukoo wake hauufichi; una jina lake na wanywaji wake. Zabibu za bondeni, zilizo nyingi na zenye maji, zafaa kwa mvinyo mwepesi na kwa maji ya matunda, nazo zikiuzwa kwa kazi zinazozifaa hazitaonekana mbovu tena. Pili, tumeweka malipo ya kwanza kuwa sawa makusudi, ili pasiwe na nyumba itakayokosa ada ya mtoto kwa sababu ya rangi ya udongo.

Wengine wameuliza juu ya gharama. Kreti zaidi zitahitajika, vipimo vya sukari vitahitajika kimoja kwa kila chama cha msingi, na makarani watafundishwa kwa muda wa juma moja. Mtunza hazina atasoma hesabu hizo. Sisi twaona ni gharama ya kubebeka, lakini Mkutano ndio wenye kuamua. Tena twaomba wajumbe wasilipitishe kwa kupiga makofi tu ili wawahi chakula. Likipita kwa makofi bila kueleweka, mwezi wa Agosti kreti nyekundu zitajazwa zabibu za mbugani usiku, nasi tutakuwa tumenunua rangi bure.

Kama shauri likikubaliwa, litajaribiwa kwanza katika mavuno ya kiangazi tu, kwa vyama vya msingi vitatu vitakavyojitolea. Chama kinachotaka kujaribu kimwandikie Mwenyekiti jina lake kabla ya saa tisa. Kila mjumbe pia aliombwa aje na udongo wa shamba lake katika kopo. Makopo hayo yamepangwa juu ya meza kando ya mizani, pamoja na kreti mbili za mfano. Bwana Shamba atakuwapo hapo wakati wote wa chakula. Mwende mkatazame, mkaushike udongo wa wenzenu, na mwulizeni lolote mtakalo.